Vitunguu Saumu vya Lautrec na Nafasi ya Kupandia

Kusini mwa nchi ya Ufaransa, kati ya miji ya Albi na Castres, upo mji mdogo wa Lautrec, uliojengwa kilimani, na juu yake pana kinu cha upepo cha zamani. Udongo wa huko ni wa mfinyanzi wenye chokaa, na zao lililouletea mji sifa ni kitunguu saumu chenye punje za rangi ya waridi. Mwaka 1966 kilipewa Label Rouge, alama ya Ufaransa ya bidhaa zilizo bora. Na mwaka 1996 jina lake likalindwa kwa sheria ya Ulaya.

Punje hupandwa mwezi wa Desemba na Januari. Ifikapo Juni, wakulima hupita mistarini wakikata mabua ya maua kwa mkono, ili nguvu ya mmea irudi chini kwenye kichwa. Vikisha kuvunwa na kukaushwa, vichwa hufungwa vitita kwa mabua yake, vikapelekwa sokoni.

Lipo swali moja kwa kila mkulima wa zao hili, awe wa Lautrec au wa Meru: je, apande karibu karibu au mbalimbali? Hesabu ni hii. Mistari ikiachana futi moja, na punje zikiachana inchi 4, ekari moja huchukua punje 130,680. Zikiachana inchi 6, huchukua 87,120. Mimea ikibanana, uzito wa mavuno ya ekari huzidi, lakini kila kichwa huwa kidogo, kwa kuwa mimea hugombea maji, chakula na mwanga. Tena majani hukawia kukauka baada ya mvua, na ugonjwa wa kutu hupata njia. Ikipewa nafasi, vichwa hunenepa, lakini magugu nayo hustawi, maana majani membamba ya mmea huu hayafuniki ardhi.

Isitoshe, mbegu ni zao lenyewe. Kichwa kikitoa punje 8 njema, ekari ya inchi 4 hudai vichwa 16,335 vya mbegu, na ya inchi 6 vichwa 10,890. Aliyebana hutoa zaidi kabla hajapata hata senti moja.

Mshika mbili moja humponyoka. Anayeuza kwa uzito aweza kubana. Anayeuza kichwa kwa kichwa, heri aongeze nafasi. Yafaa mkulima ajaribu matuta mawili katika msimu mmoja, apande kwa kamba yenye mafundo, kisha apime kila tuta kwa mizani na kulinganisha na bei ya soko lake.