Ukienda Lamu, Chagua Filamu kwa Makini

Ukiniuliza mimi, Lamu ni mji wa kupigwa picha za nyeusi na nyeupe. Kuta za chokaa humeremeta juani, na ukipiga hatua mbili tu unaingia kwenye kichochoro chembamba ambamo hata saa sita mchana kuna giza. Punda na mizigo yao, wazee barazani, milango ya nakshi. Rangi huvipunguzia hadhi.

Swali ni filamu ipi. Safari yangu ya kwanza nilibeba ile ya kawaida. Mtaani Mkomani, mama yake mwenyeji wangu, bibi asiyependa picha hata kidogo, alikubali nimpige akiwa mlangoni pake. Aliliweka sawa buibui lake, akaketi wima, akatulia.

Niliporudi Mombasa niliipeleka filamu studio. Nilimweleza kijana wa kaunta kuwa ni ya nyeusi na nyeupe, akaitikia, kisha akaitia katika mashine ya rangi pamoja na za watu wengine. Ikatoka tupu kama kioo cha dirisha.

"Pole ndugu, haikushika," akaniambia.

Ilishika sana! Picha katika filamu ya kawaida hujengwa na chembe za madini ya fedha. Dawa za filamu za rangi huiondoa fedha yote na kuacha rangi peke yake. Kwangu hapakuwa na rangi ya kuachwa.

Lakini ipo filamu ya nyeusi na nyeupe inayosafishwa kwa dawa hizo hizo. Ilford wa Uingereza walitoa XP1 mwaka 1980, wakafuatisha XP2 mwaka 1991, na XP2 Super ingali inatengenezwa. Kodak nao walikuwa na BW400CN, wakaiacha mwaka 2014. Tazama boksi kabla ya kulipa: ukiona C-41, mpe yeyote mwenye mashine ya rangi. Hukaa dakika 3 na sekunde 15 katika dawa ya kwanza, kwenye joto la nyuzi 37.8, sawa na filamu ya harusi ya jirani yako.

Kwa Lamu ina faida nyingine. Imeandikwa 400, ila huvumilia mwanga mwingi. Mimi huipiga kama 200, na ukuta mweupe haupotezi mikwaruzo yake, wala kivuli hakimezi uso wa mtu. Kasoro zake? Ikichapwa kwenye karatasi ya rangi, picha huweza kutoka na wekundu au ukijani kidogo, hivyo waombe wairekebishe. Tena negativu zake hazidumu kama zile za fedha.

Mwaka uliofuata nilivuka tena kwa boti kutoka Mokowe, XP2 mbili mfukoni. Bibi alikuwa amefariki. Niliupiga mlango wake, umefungwa, na baraza tupu kando yake. Kila ua la nakshi lilionekana. Mwenyeji wangu aliomba nakala moja, akaniuliza kama ile ya mama yake imepatikana.