Ndizi Kwanza, Mlima Baadaye

Watu husema kukimbia ni mchezo wa maskini, eti hautaki kitu isipokuwa miguu. Mimi natoka na vijana wa hapa Rumonge kila Jumamosi, na nasema si kweli. Kukimbia kunalipiwa, na kunalipiwa kwa chakula.

Tufanye hesabu kidogo. Kwa kila kilomita ya tambarare, mwili unatumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito. Kijana wa kilo 50 akikimbia kilomita 10 ametumia kalori kama 500. Mashirika yakipanga mgao kamili, yanahesabu kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa hiyo mbio hizo zinakula karibu robo ya siku nzima, na hapo bado hujapanda mlima. Huku kwetu ukikimbia mbali lazima upande: ziwa liko mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Bururi ikishaacha michikichi inapanda hadi kupita mita 1,700.

Ndiyo maana sikukasirika mama mmoja aliyevuka ziwa kutoka Fizi aliponisimamisha sokoni. “Animateri,” akasema, “mtoto akirudi kutoka kwako anakula sehemu yake na ya wadogo zake. Sasa mimi nifanye nini?” Nikamjibu, “Mama, umesema kweli.” Tangu siku ile tunapanga chakula kabla ya kupanga njia.

Tunakutana saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunakula, tunapumzika, saa moja tunaondoka. Ukiuliza mbele ya watu, “Nani hajala tangu jana?” hakuna mkono utakaoinuka. Kijana ataona haya, atapanda na njaa yake, aanguke huko juu. Basi hatuulizi. Wote wanakula.

Asubuhi hiyo ni viazi vitamu vya kuchemsha au uji wenye sukari. Maharage hapana, yanakaa tumboni na kuleta gesi. Mandazi ya mafuta mengi pia hapana. Mawese yetu ni matamu, lakini mafuta yanachelewa kutoka tumboni, na kupanda mlima na tumbo zito ni kutafuta kutapika.

Njiani chakula chetu ni ndizi mbivu. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini inaweza kupungua sana baada ya saa moja na nusu au mbili za kukimbia kwa nguvu, na mapema zaidi kwa aliyelala njaa. Kwa mbio ndefu wataalamu wanashauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya kawaida ina kama 25. Tunakata nusu, kila mtu anakula nusu moja kila robo saa, bila kungoja njaa ianze. Kijana mmoja aliona kwenye simu vile vipakiti vya uji mzito wa sukari wanavyonyonya wakimbiaji wa Ulaya, akatamani. Nikamwambia kipakiti kimoja ni karibu sawa na ndizi aliyoishika mkononi. Miwa tunaiacha kwa wakati wa kushuka, maana kutafuna huku unahema ni kazi.

Maji ya ziwa hatunywi hata kama yanang’aa. Kipindupindu tunakijua pwani hii. Tunabeba yaliyochemshwa, na siku ya jua kali lita moja inatiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kama ile dawa ya mtoto anayehara.

Tukirudi kuna sufuria: bugali, maharage, lenga-lenga na ndagala kidogo. Wadogo zao wakija, wanakula pia. Hilo ndilo jibu letu kwa yule mama, kwa sababu maneno hayajazi sahani.

Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, fulana na mipira tunashukuru sana. Lakini mkiandika bajeti ya michezo, mstari wa kwanza uwe chakula. Kumkimbiza kijana mwenye njaa ni kuchukua kwake, si kumpa.

Na pesa ikiisha, tunafupisha mbio. Hatupandi, tunabaki tambarare ya ufukweni, kilomita 2 au 3 polepole, basi. Vijana wengine wananung’unika kwamba hiyo si kazi ya wanaume. Nawakumbusha Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo, huku huku kusini. Mwaka 1996 kule Atlanta aliipa Burundi medali yake ya kwanza ya Olimpiki, tena ya dhahabu. Aliipata kwa mita 5,000 tu.