Gitaa la Pili

Mazoezi ya kwaya yalikwisha jioni, baridi ya Juni ikipenya chini ya mlango, na wenzangu wakajifunga vitenge na makoti wakaondoka. Mama mmoja wa sauti ya pili akabaki. Ni mtu mzima, ameimba katika kanisa letu la Mwazye tangu kabla sijazaliwa, na Jumapili nyingi ndiye anayetuimbia wimbo wa katikati. Alinisogelea nikiwa nafuta nyuzi, akasema kwa upole, "Mwanangu, gitaa lako ni zuri. Lakini likianza kulia, sauti yangu siisikii."

Nilikosa jibu. Nimekuwa na gitaa lile miaka 14, na siku zote nimesifiwa kwa jinsi linavyosikika. Ni gitaa kavu la nyuzi za chuma, lenye tumbo pana na kiuno kinene, umbo ambalo Wamarekani waliliita dreadnought, jina la manowari ya Waingereza. Kampuni ya Martin ilianza kuliunda mwaka 1916, na kusudi lake lilikuwa moja: sauti kubwa. Kwetu Ufipa umbo hilo linafaa sana. Umeme ukikatika harusini, gitaa langu linaendelea kuwachezesha watu uwanjani. Kwenye misa ya kigango, chini ya mti, linawafikia hata waliokaa nyuma kabisa. Nililinunua kwa fedha ya maharage ya msimu mzima na sijawahi kuijutia hata shilingi moja. Lakini mama yule alikuwa amesema kweli. Kile nilichokipenda kuliko vyote katika gitaa langu ndicho kilichokuwa kinamfunika mtu.

Wazo la gitaa la pili likanijia usiku ule ule, na nakiri kwamba lilinijia vibaya. Nilichokiona akilini kilikuwa gitaa lile lile, ila jipya zaidi, la mbao bora zaidi, linalong'aa zaidi. Nadhani ndivyo moyo unavyotamani ukiachiwa. Mwenye shamba la mahindi huota shamba jingine la mahindi. Aliyezoea rafiki mcheshi hutafuta mcheshi mwingine, kisha siku ya msiba anashangaa kwamba hana wa kukaa naye kimya. Tunakiongeza kile tulicho nacho tayari, na pengo letu linabaki pale pale.

Nikaenda kwa baba mdogo, aliyenifundisha kupiga gitaa. Yeye alijifunza kwa kusikiliza muziki wa Katanga, na mwalimu wake wa mbali alikuwa Mwenda wa Bayeke, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, siku hizi Likasi. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba lilibeba besi, cha shahada kikaimba juu yake, na asiyemwona angeapa kwamba wapigaji ni wawili. Nilipomweleza baba mdogo shida yangu, hakuuliza nina shilingi ngapi. Aliuliza, "Hilo la kwanza umeshalimaliza?"

Swali hilo lilinichukua mwaka mzima. Niliacha kile kipande cha plastiki cha kukwangulia nyuzi, nikaanza kupiga kwa vidole. Nilijifunza kugusa nyuzi 3 mahali nilipozoea kukung'uta zote 6. Nilijifunza kusogeza mkono kuelekea shingoni, sauti inakokuwa na unyevu, na kuuhamisha mbali na daraja, inakokuwa na makali. Gitaa langu likanionyesha upole ambao sikuwahi kuuomba. Hata mama yule alikubali kwamba nafuu ipo.

Lakini mwaka ulipokwisha nilijua jambo ambalo awali nisingeweza kulitaja. Tatizo halikuwa ukubwa wa sauti peke yake. Uzi wa chuma ukishaguswa hukawia kunyamaza. Unang'ara, unaning'inia hewani, na mng'aro wake unakaa mahali pale pale zinapokaa herufi za mwimbaji. Mama yule anaimba neno, uzi wangu unaling'ang'ania. Alichohitaji ni sauti inayozaliwa laini na kufa mapema, imwachie nafasi. Bila mwaka ule ningenunua gitaa zuri lenye kosa lile lile. Cha kwanza ndicho kinachokuonyesha umbo la cha pili, kama vazi lililochakaa linavyomwonyesha fundi mahali panapobana.

Nikaanza kuona jinsi watu wenye busara walivyoishughulikia "pili". Katika kwaya zetu tuna sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na hakuna mwalimu anayefundisha kwamba ya pili ni mabaki ya ya kwanza. Iondoe, na ya kwanza itabaki inaelea bila kivuli. Sikiliza rekodi za Morogoro Jazz za wakati wa Mbaraka Mwinshehe. Gitaa la solo linapanda juu shingoni, la rithimu linashika njia chini yake, na kila moja linajua pa kukaa. Wakongo waliongeza hata la katikati, mi-solo, likajibanza kati ya solo na rithimu pasipo kuzigonga. Magitaa mengi hayafanyi kelele. Kelele huja pale mengi yanapogombea kiti kimoja.

Ufipa yenyewe ilikuwa imeshanifundisha somo hili, ila sikuwa nimelitambua. Wafua chuma wa zamani katika nyanda hizi walijenga malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu aliyesimama. Chini yake kulikuwa na matundu, na urefu wa tanuru uliuvuta upepo wenyewe, bila mivukuto. Humo waliyeyushia mawe ya chuma kwa mkaa. Lakini kilichotoka kwenye ilungu kilikuwa bonge lenye takataka nyingi, na jembe halikuweza kufuliwa kutoka humo moja kwa moja. Ndipo bonge likapelekwa kwenye kintengwe, tanuru dogo la kupulizwa kwa mivukuto, likasafishwa hadi chuma kikawa chuma. Hawakujenga ilungu la pili kusaidia la kwanza. Walijenga kitu kidogo, chenye pumzi tofauti, kikaanza pale kikubwa kilipoishia. Majembe yaliyolima matuta ya nchi hii yalipita mikononi mwa vyote viwili.

Basi nikajua natafuta kintengwe: gitaa dogo la nyuzi za nailoni, aina ya Kihispania, ile ambayo fundi Antonio de Torres aliipa umbo lake katika karne ya 19. Hapo nikalazimika kukumbuka jambo ninaloliona aibu mpaka leo. Nikiwa kijana niliazimwa gitaa la nailoni, nikaliona sauti yake haina nguvu, nikalifunga nyuzi za chuma. Nyuzi 6 za nailoni zikikazwa huvuta kwa uzito wa kama kilo 40 zote pamoja, na za chuma huvuta kilo 70 na zaidi. Baada ya siku chache daraja liling'oka na kipande cha ubao. Sikulikosea kwa uzembe. Nililikosea kwa kulitaka liwe kitu kingine. Tangu hapo nimewaona wazazi wakimfunga mtoto mpole nyuzi za kaka yake mkali, na kila ninapowaona nausikia ule mlio wa gundi ikiachia.

Julai, baada ya kuuza maharage, nilisafiri hadi Sumbawanga, nikapita Laela na Tunduma, nikafika Mbeya, gitaa langu la zamani mgongoni. Abiria mmoja aliuliza kwa nini nabeba gitaa kwenda kununua gitaa. Nilimjibu kwamba nachagua la kukaa na hili, kwa hiyo ni lazima hili liwepo.

Dukani nilimwomba kijana muuzaji apige yeye, nami nikageukia ukuta. Macho hupenda rangi na mng'aro, na mama yule hatayaona hayo akiwa anaimba. Alipiga la nyuzi 12, na sauti yake ilikuwa nzuri mno, kama maji yanayomwagika juani, nikakaribia kusahau nilikotoka. Lakini hilo lingekuwa gitaa langu la kwanza lililozidishwa mara mbili. Nikaomba la nailoni. Nikachukua la kwangu, nikapiga kodi moja, yeye akaijibu kwa lile dogo. La kwangu lilisema, lile likasikiliza kabla ya kujibu. Sina namna nyingine ya kulieleza.

Kulikuwa na la nailoni la bei kubwa zaidi, la mbao nzima, na jingine la mbao za tabaka zilizobandikwa pamoja. La mbao nzima lilikuwa na sauti ya kina zaidi. Lakini kwetu kiangazi hukausha hewa miezi mingi, na ubao mzima mwembamba hunywea hadi ukapasuka. Magitaa ya Gallotone Champion ya Afrika Kusini yalibandikwa maandishi ndani kuhakikisha kwamba hayatapasuka. Mojawapo lilifika Liverpool, kwa kijana John Lennon, likawa ndilo alilojifunzia. Hayakuwa magitaa ya kifahari, lakini yalivumilia. Gitaa langu la pili lingekwenda vigangoni juu ya bodaboda. Nikachukua la mbao za tabaka, na salio likatosha nyuzi za akiba.

Wiki za mwanzo vidole vyangu vilipotea. Shingo ya gitaa la nailoni ina upana wa kama milimita 52 pale juu, na ya langu la zamani ni kama 43. Milimita 9 ni unene wa kidole cha mtoto, lakini zilitosha kunirudisha shule. Kodi nilizozijua nikiwa nimefumba macho ilinibidi nizitafute upya. Hilo nalo lilikuwa zawadi, maana nilikuwa nimeanza kupiga kwa mazoea, na mazoea hayasikilizi.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulipanga. La zamani lilikuwa limeegemea ukuta, na binti mmoja wa sekondari, mwanakwaya, akaniuliza kama anaweza kulishika. Miaka 14 hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa sababu siku zote lilikuwa mikononi mwangu. Anajifunza haraka na mkono wake una nguvu. Mara ya kwanza tulipopiga pamoja sote wawili tulikung'uta kodi zile zile mahali pale pale, ikawa fujo tupu. Nikamwachia bonde, mimi nikafunga kapo, kile kibanio cha shingoni, nikapanda mlimani, kwenye nyuzi nyembamba. Ghafla kukawa na hewa kati yetu, na kwaya ikaingia humo ikaimba.

Jumapili iliyofuata, Utukufu ulipokwisha na somo la kwanza likasomwa, binti yule aliweka kiganja juu ya nyuzi za chuma kuzinyamazisha. Nikagusa nailoni taratibu. Mama akasimama, akaanza wimbo wa katikati, na kila neno lilisikika hadi mlango wa nyuma.

Baada ya misa nilimngojea nje, nikitamani kusikia kwamba amefurahi. Alikuja akinishika mkono. "Mwanangu," alisema, "leo katika ubeti wa pili nimekosea neno. Nimejisikia mwenyewe nikikosea." Akaniomba mazoezi ya jioni yaanze na ubeti ule.