Printa ya Mama na Matuta ya Tengeru

Najua nimepotea wiki mbili hivi, msininunie. Nilikuwa na kazi moja tu: kuhamisha printa kutoka mjini mpaka hapa Tengeru bila kuiua.

Wengine mnaijua habari ya printa ya kwanza. Mwaka jana nilinunua ndogo ya tangi, nikailaza ubavu kwenye buti ya teksi kama begi la nguo. Kufika, wino umetapakaa ndani kote. Ikafa siku hiyo hiyo. Mie nikajifanya nimesahau, ila bi mkubwa hakusahau. Safari hii hela imetoka kwenye kikoba chake, laki saba, na alisema neno moja tu: "Mwanangu, hii siwezi kuilipia mara mbili."

Mashine yenyewe ni Epson L1800, mtumba, kutoka studio moja ya karibu na Mnara wa Saa. Inatoa picha mpaka A3 na ziada kidogo, rangi sita, uzito kama kilo 12 hivi. Sio nzito. Tatizo ni wino: unakaa kwenye tangi za pembeni, unapita kwenye vimirija mpaka kwenye kichwa. Kwa hiyo usiibebe kama redio. Ibebe kama sufuria ya mchuzi iliyojaa.

Jamaa wa studio akanielekeza. Zima kwa kitufe chake, usichomoe tu waya kwenye soketi, maana ukizima kwa kitufe kichwa kinarudi pembeni kwake na kufunikwa kisikauke. Kibane na selotepu kisichezecheze. Kaza vifuniko vya tangi. Halafu geuza kile kifungio cha pembeni ya tangi kwenye alama ya safari, wino usitembee.

Nikakodi kirikuu. Dereva akataka kuisimamisha wima apate nafasi ya magunia ya vitunguu ya mtu mwingine.

"Dogo, si mashine tu hii?"

"Kaka, hii ndio ada yangu."

Akacheka, lakini magunia akayasogeza. Nikakaa nyuma, printa imelala sawa juu ya godoro langu. Barabara ya Moshi ni lami safi, ila kila tuta nilikuwa naikumbatia kama mtoto mchanga. Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni na wala sikuutazama.

Chumbani nikaiweka kwenye meza imara, mbali na dirisha kwa ajili ya vumbi. Nikatoa selotepu, nikawasha, nikachapa karatasi ya kupima matundu ya wino. Yaani! Mistari imekatika-katika, ya bluu haipo kabisa. Nikaamuru ioshe kichwa. Ndio ikawa mbaya zaidi. Jasho likanitoka. Nikashika simu nimpigie mama, nikakaa nayo mkononi natafuta maneno, maneno hayapo.

Ndipo macho yakagonga kile kifungio. Bado kiko kwenye alama ya safari! Mashine ya watu ilikuwa inavuta wino ambao mwenyewe nimeufungia. Nikakigeuza, nikaosha kichwa mara moja, nikaizima kwa kitufe na kuiacha usiku kucha. Usingizi sikupata. Asubuhi nikapima tena: rangi zote sita, hakuna mstari uliokatika.

Picha ya kwanza kutoka ni ya mama, A3, amevaa kitenge chake cha harusi ya dada. Nitampelekea mwenyewe, ila habari ya ile simu ambayo sikupiga simwambii ng'o.

Kwa hiyo mkihama na printa, andikeni kwenye kikaratasi FUNGUA KIFUNGIO, mbandike juu ya kitufe cha kuwashia. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi tu iwashe ili kichwa kirudi kufunikwa.

Wa mahafali, chumba mnakijua. Oda za wadau, karibuni. Alamsiki.