Pamoja Ndugu

Mara ya kwanza kusikia Kiswahili kikipigiwa kelele hadharani Lewiston, nilidhani masikio yananidanganya. Ilikuwa Oktoba 2015, baridi imeanza kuuma, nami nimesimama pembeni mwa uwanja wa Lewiston High School, kanga nimejitanda juu ya koti. Wachezaji walijipanga duara, wakainamisha vichwa, kisha wakalipuka: "Pamoja ndugu!" Vijana wenye asili ya Somalia, wengine ya Kongo, na vijana wa Kizungu waliozaliwa hapo hapo Maine, wote kwa sauti moja.

Mwanangu, aliyekuwa na miaka 13, alinigeukia kama mtu aliyefumaniwa.

Tulitoka Tanga miaka mitatu kabla. Marehemu baba alipoambiwa tunahamia Lewiston, alijua jambo moja tu kuhusu mji huo: ndipo Muhammad Ali alipomwangusha Sonny Liston, Mei 1965, raundi ya kwanza. Mwaka wetu wa kwanza mwanangu alinijibu kwa Kiswahili. Mwaka wa pili akaanza kunijibu kwa Kiingereza. Mwaka wa tatu akaniomba, kwa adabu kabisa, nisimwite kwa Kiswahili nikija kumchukua shuleni. "Mama, wananiangalia." Sikumgombeza. Mimi mwenyewe kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, tulishaambiwa tuongee Kiingereza tu, hata jikoni, hata tukiwa wawili. Basi jioni nyumbani nikawa nauliza kwa lugha hii, naye anajibu kwa ile.

Aliyenifundisha historia ya mji ni bibi mmoja niliyekuwa namwogesha asubuhi. Wazazi wake walikuwa watu wa Quebec, Kanada. Maelfu kama wao walishuka Lewiston kufanya kazi katika viwanda vya nguo kando ya mto Androscoggin, na mji ukawa na Kifaransa sokoni, kanisani na barazani. Mwaka 1919 jimbo la Maine likapitisha sheria iliyotaka shule za umma zifundishe kwa Kiingereza tu, na sheria hiyo ilidumu hadi 1969. Bibi aliadhibiwa kwa neno moja la Kifaransa alilomwambia mdogo wake uwanjani. Miaka zaidi ya 70 ilikuwa imepita, na bado akitaka kusali kwa Kifaransa alikuwa ananiomba kwanza nifunge mlango.

Viwanda vilipofungwa, vijana waliondoka. Kuanzia 2001 Wasomali wakaanza kuingia. Miongoni mwa waliofuata walikuwamo Wabantu wa Somalia, wazao wa watu waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka nchi tunazoziita leo Tanzania, Msumbiji na Malawi. Wengi walikuwa wamepitia kambi za Kenya, Dadaab na Kakuma, na kambini ndiko watoto wao walikookota Kiswahili. Mwaka 2002 meya wa wakati huo aliandika barua ya wazi akiwataka Wasomali wapunguze kuja. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilikuja kufanya mkutano. Waliojitokeza kukipinga walikuwa kama 4,000. Mji ni huo huo, barua na umati.

Mchezo wa Lewiston ulikuwa magongo ya barafuni, mchezo walioupenda watu wa Quebec. Timu ya soka ya wavulana ilikuwepo, chini ya kocha Mike McGraw, aliyekaa nayo zaidi ya miaka 30 bila kuwahi kuwa bingwa wa jimbo. Jina la timu ni Blue Devils. Kwetu Tanga huwezi kumwambia mama kwamba mwanawe amekwenda kushangilia mashetani, hata wakiwa wa buluu. Nilinyamaza. Watoto wa wageni walileta mpira waliojifunza kwenye vumbi la kambi, pasi fupi fupi, na kocha akakubali kujifunza naye. Mwaka 2014 walifika fainali wakafungwa na Cheverus.

Jioni ile ya "Pamoja ndugu", tukiwa garini, mwanangu aliniuliza kwa Kiingereza: ndugu ni kaka, siyo?

Nikasema ndiyo. Kisha nikasema hapana. Ndugu ni kaka, na ni dada. Ni mtoto wa shangazi, wa mama mdogo, wa jirani ukipenda. Enzi za Mwalimu Nyerere ndugu alikuwa kila mtu, rais na mkulima. Nilianza kwa Kiingereza, nikakwama, nikamalizia kwa Kiswahili, naye hakunikataza. Nikamwambia tena kwamba mwalimu wangu wa darasa la tano angeipigia sentensi ile mstari mwekundu: pamoja na nani? Wapi? Akafikiri, kisha akasema wao hawahitaji na nani. Kila aliye kwenye duara anajua.

Msimu ule Blue Devils hawakupoteza mchezo. Walifunga mabao 113, wakafungwa 7. Fainali ilichezwa Jumamosi, Novemba 7, katika uwanja wa Fitzpatrick mjini Portland, dhidi ya Scarborough. Nilikuwa zamu. Mwanangu alipata nafasi kwenye gari la jirani wa Kisomali.

Nilikuwa nambadilishia bibi shuka simu ilipotetema mfukoni. Kanuni ya simu ilikuwa kali kama ya lugha. Nikatoka ukumbini, nikapokea. Kelele tupu, halafu sauti yake, imekauka:

"Mama! Moja bila! Moja bila, mama!"

Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo Marekani. Ilikuwa ya Tanga, ya redio ya babu yake, ya kabla hajajifunza kuona haya. Akaendelea bila kupumua: mpira wa kurusha, mrushaji amepiga sarakasi kwanza, umeingia golini, wamekuwa mabingwa. Nikajikuta napiga kigelegele. Kisha nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya kuita mtu upande wa pili wa barabara. Msimamizi alipita na kigari cha dawa, akaniangalia. Sikushusha sauti.

Niliporudi chumbani, bibi aliuliza kuna nini. Nikamweleza. Akataka kujua watoto wanapaza sauti wakisema nini kabla ya mchezo, nikamtamkia. Akajaribu mara mbili, "nd" ikimsumbua. Halafu akaomba rozari yake. Nilipoenda kufunga mlango, akanionyesha kwa mkono niuache.

Timu ilichukua taji tena 2017 na 2018. Barua za matusi hazijaisha duniani, na kazini kanuni ilibaki ukutani mpaka nilipoacha kazi. Mwanangu sasa ni mtu mzima. Kiswahili chake kina makosa. Ngeli anazichanganya, anasema "kitabu yangu". Nikianza kumsahihisha, ananiambia: "Mama, pamoja ndugu." Namwacha amalizie sentensi yake.