Sambusa za Pojo kutoka Marikiti

Nyama inapopanda bei hapa Mombasa, wengi wetu huziondoa sambusa katika futari, na sahani ya jirani hukatika pamoja nazo. Tusiikate. Mtume (s.a.w.) alimwusia Abu Dharr aongeze maji katika mchuzi wake ili awakumbuke majirani; nasi twaweza kubadilisha kilichomo ndani ya sambusa.

Tutokapo Mji wa Kale kwa miguu hadi Marikiti, twapata pojo, karoti, vitunguu, pilipili mbichi, dania na ndimu. Pojo twazichemsha ziive bila kupondeka, twazichuja, kisha twazikaanga kwa kitunguu, thomu na bizari nyembamba hadi zikauke, maana ujazo wenye maji hupasua manda.

Manda nazo tuzifanye wenyewe kwa unga wa ngano, chumvi na maji. Madonge 4 yasukumwe, yapakwe mafuta, yanyunyizwe unga na kupandanishwa. Yasukumwe tena pamoja, yababuliwe kidogo juu ya tawa, yakatwe robo na kubanduliwa yangali moto. Hapo twapata sambusa 16: 10 za nyumbani, 6 za mlango wa pili.