Raskazone kwa mguu ulioteguka

Anayetoka Ngamiani kwenda Raskazone huvuka reli, akaiacha nyuma mitaa inayoitwa kwa namba badala ya majina, akapita katikati ya mji wa Tanga penye maduka ya zamani, kisha akashika njia inayoandama ukingo wa bandari kuelekea mashariki. Kushoto kwake ni ghuba, na ndani ya ghuba kimekaa Kisiwa cha Toten, kisiwa cha makaburi na magofu ya misikiti, ambacho jina lake la Kijerumani lina maana ya wafu. Kulia ni majumba ya enzi za ukoloni, yenye baraza pana na paa zilizofifia rangi. Mbele kidogo ni Hospitali ya Bombo, na ukishaipita magari hupungua, miti huzidi, na harufu ya chumvi hukupokea kabla hujayaona maji.

Kwa miaka mitano njia hii niliijua kwa kasi moja tu. Sisi vijana kumi na mmoja wa msikiti mmoja wa Ngamiani tulikuwa tukitoka mara baada ya sala ya alfajiri, siku nne kwa wiki, tukakimbia hadi Raskazone na kurudi, kiasi cha kilomita 10. Wako waliodhani katibu wa kamati ya msikiti kukimbia barabarani na kaptura iliyovuka magoti ni kujishushia heshima. Waliosoma sira wanakumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), mara moja akashindwa na mara nyingine akashinda. Basi heshima ya katibu haiwezi kuwa kubwa kuliko hiyo.

Ila sababu yangu haikuwa michezo. Marehemu baba yangu alikatwa mguu kwa maradhi ya kisukari, akaishi miaka minne ya mwisho kitandani na katika kiti cha magurudumu. Nami nilipofika umri wa miaka 29 nilipimwa sukari kabla ya kufungua kinywa, ikaonekana ni 6.3. Daktari akaniambia kwamba niko mlangoni, sijaingia ndani. Nilianza kukimbia mwezi ule ule, na baada ya mwaka kipimo kikawa 5.4. Kwangu mimi kila hatua ya barabara ile ilikuwa na hesabu yake.

Mwanzoni mwa mwezi wa Rajab, kukiwa bado na kiza, mguu wangu wa kushoto uliingia katika mtaro ambao mfuniko wake haukuwapo. Mfupa ulisalimika. Kano za upande wa nje wa kifundo zilichanika kwa sehemu, na mguu ukavimba hadi vidole havikutambulikana. Tabibu wa viungo alinieleza kwa upole kwamba kano kama hizo huhitaji wiki nyingi kushikana, na kwamba kukimbia nisikutaje kabla ya wiki 8, pengine 12. Nikahesabu kwa vidole. Rajab, Shaaban, kisha Ramadhani. Wiki ya nane iliangukia usiku wa kwanza wa tarawehe.

Watu hudhani mgonjwa wa mguu huteseka kwa kusimama. Mimi kusimama nilikuweza mapema. Kilichonishinda ni kikao cha tahiyatu, kwa kuwa mguu wa kushoto ndio unaolazwa, na kano iliyochanika ndiyo inayovutwa. Sheria imempa mgonjwa nafasi, nami mwenyewe nimewahi kuwasomesha watu mlango huo wa fiqhi, kwa hiyo nikachukua kiti nikaswali nyuma pamoja na wazee. Nyumbani nako mambo yalibadilika. Mtu aliyezoea kuitoa hamu yake barabarani asubuhi, akizuiwa, hamu hiyo hubaki naye sebuleni. Wiki ya pili mama watoto aliniambia, "Baba watoto, mguu ndio ulioteguka, ulimi haukuguswa." Kisha akaongeza kwamba nitafute pa kwenda, maana nyumba ni ndogo.

Chuoni tulifundishwa kwamba maradhi hayamkatii mja thawabu za mazoea yake mema. Faraja hiyo ni ya kweli nami niliishika. Lakini sukari haisomi daftari la thawabu. Ilitaka mwili utembezwe.

Pa kwenda nilipaonyeshwa na safu ya viti. Jirani yangu pale alikuwa mzee aliyefanya kazi bandarini zamani, wakati meli kubwa zilipokuwa zikitia nanga mbali na shehena kuletwa gatini kwa matishari. Siku hizi bandari imechimbwa na meli zinafunga gatini zenyewe, lakini yeye bado huisoma bahari kama mtu anayesubiri tishari. Siku moja baada ya alasiri aliniuliza mguu unaendeleaje. Nilipomweleza kwamba tabibu ameniruhusu kutembea ndani ya maji, mradi mawimbi yasiwe makali, nikamwomba anifundishe saa za maji kujaa.

"Ustadhi," akacheka, "si wewe unayetangaza tarehe za mwezi kila Ijumaa? Basi saa za bahari unazo tayari."

Somo lake sikulipata katika kitabu chochote nilichosomeshwa, nami ninaliandika hapa kwa sababu vijana wetu wengi wa mjini hawalijui tena. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na hupwa sana. Katika pwani yetu, siku hizo maji hujaa jioni, kuanzia kama saa 10, na kila siku inayofuata hujaa kwa kuchelewa, kwa wastani dakika 50 hivi. Kwa hiyo tarehe 1, 2 na 3 za mwezi wa Kiislamu, kisha 14 hadi 17, anayetoka msikitini baada ya alasiri huikuta bahari ya Raskazone imejaa au inamalizia kujaa. Zikifika tarehe 7, 8 na 9, au 22 na 23, maji huwa mafu. Hujaa kidogo, hupwa kidogo, na kujaa kwenyewe ni saa 4 au 5 asubuhi, wakati ambao mimi niko darasani. Jioni za siku hizo ufuko unabaki mchanga, mwani na majabali ya matumbawe, mahali pabaya kabisa kwa kifundo kibovu. Nilichukua kalenda ya msikiti, ile ile niliyoichapisha kwa mkono wangu, nikazungushia duara tarehe za bamvua. Katika miaka yote ya kuiandaa sikuwahi kufikiri kwamba nilikuwa nikiandaa pia ratiba ya kuogelea.

Mara ya kwanza niliingia hadi kiunoni tu, nimeshika bega la shemeji yangu. Faida ya maji ni hii: yanakubebea uzito. Mtu akisimama maji yakimfika kiunoni, miguu yake huchukua karibu nusu ya uzito wa mwili. Yakimfika kifuani, huchukua kama theluthi au chini ya hapo. Mguu uliokuwa ukilia sakafuni ulinyamaza baharini. Nilitembea mbele na nyuma, sambamba na ufuko, dakika 10. Siku ya tatu zikawa 20.

Wiki ya nne tabibu aliniongezea lililo kubwa zaidi, kukimbia ndani ya maji ya kina bila kugusa chini. Unavaa jaketi la kuelea, unasimama wima majini, kifua kikiegemea mbele kidogo, kisha unapiga miguu na mikono kama uko barabarani. Unakwenda pole mno, hata mtoto anayeelea kwa dumu anakupita. Pumzi hata hivyo inatoka kama ya mtu anayepanda kilima, kwa sababu maji yanakataa kila upande. Nilifanya dakika 2 kwa nguvu na 1 kwa kupumzika, nikarudia mara 12. Kutoka pale nilipokuwa nikikimbia papo hapo nilikiona Kisiwa cha Toten kwa ukamilifu, mikoko yake na kijani chake kizito, na madau yakirudi kwa upepo wa kaskazi. Miaka mitano nilikipita kila wiki nikiwa nimeinamisha kichwa nikiangalia saa ya mkononi.

Tahadhari moja nisiiache. Usiingie peke yako, na usiingie kina kirefu maji yanapoanza kupwa, maana siku za bamvua mkondo huvuta. Asiyejua kuogelea aishie maji ya kiunoni. Mzee wangu alikuwa akikaa ufukweni na bakora yake, na akiinyanyua tu, natoka bila kuuliza.

Siku za maji mafu zilikuwa za baiskeli. Tanga ni tambarare na watu wake wameizoea baiskeli kuliko miji mingi ya nchi yetu. Mwanamke huenda nayo sokoni na mzee huenda nayo msikitini. Nilitoa Phoenix ya marehemu baba iliyokuwa stoo, fundi akabadilisha mnyororo na mipira ya breki, nikateremsha kiti kidogo ili nikisimama mguu mzima ufike chini kwanza. Kuendesha hakuipindi kano kwa upande, na kwa wiki ya tano kulikuwa kumeruhusiwa. Hapo ndipo niliporudi kwa wenzangu. Wao walikimbia, mimi nikafuata na baiskeli, nimebeba maji na viatu vya waliochelewa, nikiwatajia muda kila kilomita. Nisiporudi, nakiri, nilihofia kundi lingevunjika, kwa kuwa walikuwa wamebaki sita. Walipofika tena tisa nilifurahi kuliko kama ningekimbia mwenyewe. Huenda kundi lilihitaji mtunza saa zaidi ya mkimbiaji wa kumi na moja.

Mmoja wao alinitumia habari za Joan Benoit wa Marekani, aliyefanyiwa upasuaji wa goti mwaka 1984, siku 17 tu kabla ya mbio za mchujo za marathoni. Alipokuwa hawezi kutumia mguu alizungusha pedeli za baiskeli ya mazoezi kwa mikono. Akashinda mchujo, kisha akatwaa dhahabu Los Angeles katika marathoni ya kwanza ya wanawake ya Olimpiki. Nilimpelekea tabibu habari hiyo, akaisoma, akanirudishia simu na kusema kwamba mikono nizungushe nitakavyo, lakini zile siku 17 nizisahau.

Zoezi lililoniudhi kuliko yote ndilo aliloliona kuwa na manufaa kuliko yote: kusimama kwa mguu mmoja, ule mbovu, sekunde 30, kisha kupumzika na kurudia. Kano ikichanika, alisema, mguu husahau kujiweka sawa, na aliyepona bila kuufundisha upya huanguka tena pale pale. Nililifunga na sala tano ili nisilisahau. Kila nikitoka msikitini, kabla ya kuvaa makubadhi, nilisimama kando ya ukuta. Watoto wa madrasa wakanibandika jina la Korongo, na wakawa wakihesabu kwa sauti hadi thelathini. Ilipofika Shaaban wadogo kabisa walikuwa wakishindana nami, na wengi wao walinishinda.

Nilipima sukari mara mbili katika kipindi hicho. Mwishoni mwa wiki ya tatu ilikuwa 5.9, na usiku ule sikulala vizuri. Mwishoni mwa wiki ya saba ilikuwa 5.5.

Jambo ambalo sikulipanga ni kwamba mama watoto alianza kufuatana nami. Mbio zilikuwa za wanaume na alfajiri. Bahari ilikuwa ya jioni na ya pole. Mimi nikiwa majini, yeye na binti zetu wawili walitembea barabarani kutoka ufukweni hadi kwenye mibuyu na kurudi, mara tatu, mara nne. Daladala za kurudi mjini tuliziacha mara nyingi zikapita. Katika miaka yetu tisa ya ndoa hatukuwahi kutembea pamoja umbali ule bila kuwa na mahali pa kufika.

Usiku wa kwanza wa tarawehe niliswali nane za mwanzo nimesimama na kukaa tahiyatu chini, mguu ukinikumbusha kidogo. Zilizobaki nilizimaliza kwenye kiti, karibu na mzee wangu, aliyenisogezea nafasi bila kugeuza uso. Kukimbia nilianza tena Shawwal, kilomita 2 kwanza, siku moja mbio na siku moja mapumziko. Ila tarehe zilizozungushiwa duara sijazifuta. Tarehe 15 ya mwezi ujao, inshaallah, maji yatakuwa yamejaa saa 11 jioni au karibu yake. Ndugu mwenye goti, nyonga au kifundo kilichomkatalia, na ambaye tabibu wake ameridhia, atatukuta Raskazone baada ya sala ya alasiri. Aje na kikoi kikavu, na viatu vya mpira kwa ajili ya matumbawe.